Amancaes, ua la ukungu wa Lima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Amancaes ni mmea gani?

Ni mmea wa tunguu unaotoa ua la manjano kwenye vilima vya jangwa la pwani ya Peru, hasa vile vinavyouzunguka mji mkuu, Lima. Kitaalamu huitwa Ismene amancaes. Uko katika familia ya Amaryllidaceae, ambayo Afrika Mashariki ina ndugu zake wengi tu. Lile ua jekundu la duara linalochomoza ardhini mvua zinapoanza, ambalo wataalamu huliita Scadoxus multiflorus, ni wa ukoo huo. Kitunguu maji na kitunguu saumu nao siku hizi huhesabiwa humo, ingawa hilo lisimtie mtu tamaa ya kuonja. Soma swali la sumu kwanza.

Ua lenyewe likoje?

Linakaa juu ya shina la kijani lililonyooka. Chini kuna bomba jembamba la kijani, kisha petali sita nyembamba zinazofunguka pembeni na kupinda kwa nyuma. Katikati ndipo penye sifa yake yote: kikombe kipana cha manjano iliyokolea, ukingo wake umechanikachanika, na ndani yake ina michirizi ya kijani inayoshuka hadi kooni. Ukilitazama kwa karibu utagundua kwamba kikombe hicho si petali. Ni vikonyo vya stameni sita vilivyoungana vikawa ukuta mmoja, na ncha zake, zilizobeba chavua, zimebaki huru ukingoni na kuinamia ndani.

Rangi hiyo huonekana kali kuliko ilivyo kwa sababu ya mandhari. Kilima kizima kina ukungu, mawe ni ya kijivu, anga ni la kijivu, halafu manjano.

Jangwa na ua la namna hii, wapi na wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni refu kidogo.

Lima iko nyuzi 12 kusini mwa ikweta, karibu mstari mmoja na Komoro, wala si mbali sana na mstari wa Mtwara. Lakini Mtwara hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Lima, katika mwaka wa kawaida, hata 20 hazifiki. Tofauti hiyo inaletwa na bahari. Sisi pwani yetu ina maji ya uvuguvugu. Mbele ya Peru unapita mkondo wa Humboldt, maji baridi yanayotoka kusini na kufuata ufuko kwenda kaskazini. Hewa iliyogusa maji hayo hupoa na kuwa nzito. Juu yake hukaa tabaka la hewa yenye joto inayoshuka kutoka angani, na hiyo huizuia ile ya chini isipande. Upande wa mashariki milima ya Andes imeziba njia. Basi mawingu hujazana hapo katikati, hayapandi yakawa mvua, wala hayaendi kokote.

Kuanzia Juni hadi Oktoba hivi, wakati wa kipupwe, watu wa Lima wanaweza kukaa siku nyingi mfululizo bila kuliona jua. Wenyewe huliita anga hilo tumbo la punda, kwa rangi yake. Joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi, ambalo kwa mtu wa Dodoma ni baridi ya kutafuta sweta, na nguo zilizoanikwa hazikauki.

Wingu hilo likisukumwa na upepo wa bahari hugonga vilima vilivyo kati ya mita 200 na 1,000 kutoka usawa wa bahari. Pale halinyeshi. Linapita tu chini chini, na matone yake madogo kupita kiasi hunaswa na kila kinachosimama njiani: majani, mawe, miiba, utando wa buibui. Matone hukutana, huwa mazito, hudondoka. Mara nyingine huwa manyunyu mepesi ambayo Walima huyaita garúa. Kwa hiyo unaweza kukuta barabara chini ina vumbi na mteremko juu yake umelowa hadi viatu vinanasa kwenye tope.

Vilima vinavyoishi kwa mpango huo huitwa lomas. Kwa miezi michache hugeuka kijani kutoka chini ya mawe hadi kileleni, vikiwa na begonia za porini, nolana za zambarau, miti ya tara, na hiyo amancaes.

Wasomaji walioko Oman hawahitaji maelezo marefu hapa. Khareef, msimu wa ukungu wa Salalah, ni mpango wa namna hiyo hiyo: maji baridi yanayopanda kutoka kilindini, ukungu unaogonga milima ya Dhofar, na jangwa linalovaa kijani kuanzia Juni hadi Septemba wakati nchi nzima inaungua.

Miezi mingine inakuwa wapi?

Iko chini ya ardhi, imelala. Ukungu unapoondoka, majani hunyauka na kukatika, na kinachobaki ni tunguu lililofunikwa na maganda makavu ndani ya udongo wa kokoto. Ukipanda kilima hicho mwezi Februari huoni chochote cha kukuambia kuwa pale pana ua. Ni vumbi, mawe na jua la kiangazi cha kusini.

Mei au Juni unyevu unaporudi, tunguu huamka. Maua huja mapema, Juni na Julai, na hudumu muda mfupi. Majani, marefu na bapa kama ya mahindi machanga, hubaki kazini baada ya maua kwisha. Kazi yao ni kulijaza tunguu akiba ya kulivusha hadi ukungu wa mwaka unaofuata. Mwaka wenye ukungu hafifu ni mwaka wa akiba ndogo.

Kuna jambo moja la mbegu ambalo watu wengi hulipita haraka, nami nadhani ndilo linaloeleza udhaifu wake wote. Mbegu za amancaes si kavu kama za mchicha. Ni nono, za kijani, zimejaa maji, na zimeumbwa kuota mara moja ukungu ukiwa bado upo. Haziwezi kukaa udongoni miaka kumi zikisubiri nafasi. Mimea mingi ya jangwa hujiwekea mbegu ardhini, ukilima leo itachipua tena kesho kutwa. Amancaes haina akiba hiyo. Ukifukua matunguu ya kilima kimoja, umekimaliza kilima hicho.

Ni kweli haipatikani kwingine duniani?

Porini, ni Peru tu, kwenye lomas za pwani. Hata ndani ya Peru haikuenea pwani nzima. Imekaa kwa visehemu, kilima hiki ipo, kinachofuata haipo, na kati yake kuna jangwa tupu au mtaa wa watu.

Nani aliipa jina la kitaalamu, na mbona vitabu vinatofautiana?

Wahispania Hipólito Ruiz na José Pavón walifika Lima mwaka 1778 wakiwa wametumwa na mfalme wao kuorodhesha mimea ya Peru na Chile. Waliichapisha mwaka 1802 kwa jina la Narcissus amancaes, yaani waliiweka kwenye jenasi ya dafodili. Mwaka 1821 Mwingereza William Herbert akaihamishia kwenye Ismene. Baadaye wengine waliitia kwenye Hymenocallis, na katalogi za zamani za wauza maua bado zinatumia jina hilo. Ukitafuta picha au maandishi, jaribu majina yote matatu.

Nimeona picha za "amancay" kutoka Argentina na hazifanani kabisa. Ipi ndiyo?

Zote ni sahihi, ila ni mimea tofauti. Kule Patagonia, upande wa Argentina na Chile, amancay ni Alstroemeria aurea, ua la rangi ya machungwa linaloota kwenye misitu ya baridi. Halina kile kikombe. Usipoona kikombe chenye michirizi ya kijani, hiyo siyo ya Lima.

Sherehe ya Amancaes ilikuwa nini?

Ng'ambo ya mto Rímac, upande wa pili kutoka katikati ya Lima ya kale, kulikuwa na uwanda uliozungukwa na vilima, nao uliitwa Pampa de Amancaes kwa sababu ya maua hayo. Kila tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, mji ulihamia huko. Matajiri walikwenda kwa farasi na magari ya kukokotwa, maskini kwa miguu au juu ya punda. Kulikuwa na kanisa dogo la Yohane, kulikuwa na vibanda vya chakula na chicha, yaani pombe ya mahindi, gitaa, ngoma, watu wakicheza zamacueca na leso mkononi. Jioni walirudi wamechomeka maua ya manjano kwenye kofia, vifuani na kwenye hatamu za farasi. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo watu waliendelea kwenda kutembea, hadi ukungu uishe.

Johann Moritz Rugendas, mchoraji Mjerumani aliyekuwa akizunguka Amerika ya Kusini, aliichora sherehe hiyo mwaka 1843. Lakini mtu wa kumtafuta zaidi ni Pancho Fierro, mchoraji wa Lima mwenye asili ya Kiafrika aliyefariki mwaka 1879. Michoro yake ya rangi za maji ni midogo, haina mbwembwe, na ndani yake unawaona Walima weusi jinsi walivyokuwa: wapiga ngoma, wauza vyakula, wacheza dansi. Lima ya wakati huo ilijaa watu wenye asili ya Afrika, watumwa na walio huru, na starehe za mji, hii ikiwemo, hazikuwa bila wao.

Miaka ya 1920 siasa ikaingia. Rais Augusto Leguía alipenda kuhudhuria, na kuanzia 1927 yakaanzishwa mashindano ya muziki na dansi pale pale uwandani, wanamuziki wakija kutoka mikoa ya milimani. Mwaka 1930 aliitangaza tarehe 24 Juni kuwa siku ya wenyeji wa asili wa Peru. Mwaka 1969 Jenerali Juan Velasco akaitumia siku hiyo hiyo kutangaza mageuzi ya ardhi na kuibadilisha iwe Siku ya Mkulima. Tarehe iliendelea kupanda cheo, ila kufikia hapo uwanda wenyewe ulikuwa umekwisha. Lima ilikuwa imevuka mto, nyumba zikajaa, na sherehe ya zamani ikafa katikati ya karne ya 20.

Watu hupenda kusema kwamba nyumba ndizo zilizoliua ua la pale. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini vizazi kwa vizazi mji mzima ulikwenda kuchuma kwa mafungu, tena wakati ule ule wa kuchanua, na kila ua lililochomekwa kwenye kofia lilikuwa mbegu ambazo hazikuanguka. Mapenzi nayo yalichangia.

Leo ni nini kinaimaliza?

Viwanja.

Lima ina watu karibu milioni 10. Tangu katikati ya karne iliyopita familia zimekuwa zikishuka kutoka milimani kutafuta kazi, na kila kizazi kimejenga juu zaidi ya kile kilichotangulia, kwa sababu chini pamejaa. Sasa nyumba zimefika kwenye mstari wa ukungu, mahali penyewe pa amancaes.

Mambo huenda hivi. Msimu wa kiangazi, kilima kikiwa kikavu, wanatokea matapeli wa ardhi. Wanamwaga chokaa nyeupe kwenye mteremko kuchora mistari ya viwanja, wanachonga kinjia, wanasimamisha vibanda vya mbao nyepesi visivyo na mtu ndani, kisha wanaanza kuuza. Karatasi wanazotoa hazina thamani yoyote. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi aliyewahi kuuziwa kiwanja hewa ataielewa biashara hii bila mkalimani. Maneno yao kwa mnunuzi ni yale yale siku zote: hii ardhi ni tupu, haina mwenyewe, angalia hata jani halipo. Na kweli jani halipo. Chini ya mstari wa chokaa, kina cha kiganja, matunguu yamelala.

Yule anayenunua mara nyingi ni mama mwenye watoto ambaye kodi imemshinda. Anahamia mahali pasipo na bomba la maji, ananunua maji ya lori kwa bei kubwa kuliko wanayolipa wenye nyumba za ufukweni, na wakati wa kipupwe watoto wanakohoa kwa unyevu. Simwoni kama adui wa ua. Aliyemuuzia ndiye.

Yapo mengine pia: machimbo ya mawe, mbuzi na ng'ombe wanaochungwa wakati wa kijani, pikipiki za mashindano zinazochimba mifereji kwenye miteremko, takataka. Lakini mbuzi akila jani, tunguu hubaki. Tingatinga haliachi kitu.

Serikali ya Peru imefanya nini?

Mwaka 2019 ilitangazwa hifadhi ya kimkoa ya lomas za Lima, yenye zaidi ya hekta 13,000 katika vipande vitano: Ancón, viwili vya Carabayllo, Amancaes na Villa María. Kaskazini, kama kilomita 100 kutoka mjini, kuna Hifadhi ya Taifa ya Lachay, hekta 5,070, iliyoanzishwa mwaka 1977. Hiyo imetulia zaidi kwa sababu haijazungukwa na mitaa.

Hifadhi za karibu na mji ni ngumu kulinda. Mpaka ni mrefu, walinzi ni wachache, na tapeli hufanya kazi usiku. Mahali ambapo lomas bado zimesimama, mara nyingi utakuta kikundi cha majirani wa mtaa wa chini kabisa ya kilima, wengine wao wakiwa watoto wa waliojenga bila kibali zamani. Ndio wanaofagia njia, wanaowatembeza wageni na wanaopiga kelele wakiona chokaa.

Naweza kuiona wapi, na lini?

Mwisho wa Juni na Julai. Ukichelewa hadi Septemba utakuta kijani kizuri na maua mengine, lakini si hili. Novemba usijisumbue.

Ndani ya Lima yenyewe, Lomas de Mangomarca katika wilaya ya San Juan de Lurigancho zinajulikana sana kwa amancaes. Kusini kuna Lomas de Paraíso, Villa María del Triunfo, na Lomas de Lúcumo huko Pachacámac, ambako njia ya matembezi imeandaliwa vizuri. Chukua kiongozi wa mtaa ule. Vaa viatu vyenye meno, maana udongo uliolowa huteleza vibaya, na koti lisilopitisha maji. Mwavuli ni bure, ukungu huja kutoka pembeni.

Usitoke nje ya kinjia hata kwa ajili ya picha. Machipukizi ya mwaka wa kwanza ni kama unyasi mmoja tu, na utayakanyaga bila kujua.

Zile nyavu kubwa kwenye vilima ni za nini?

Ni za kunasa ukungu. Husimamishwa kwa nguzo mbili kuukabili upepo wa bahari, matone yanashika kwenye nyuzi, yanateremka kwenye mfereji na kuingia kwenye tangi. Villa María del Triunfo zimetumika kumwagilia bustani na kupanda miti ya tara. Ni kazi ile ile inayofanywa na majani ya lomas.

Ndiyo ua la taifa la Peru?

Hapana. La taifa ni kantuta, ua la milimani. Amancaes ni ua la Lima.

Ina sumu?

Ndiyo. Matunguu ya familia hii yana alkaloidi kama likorini, ambazo huleta kichefuchefu na kutapika. Usile, usimpe mnyama, na nawa mikono ukishalishika tunguu lililokatika.

Inaweza kuota Afrika Mashariki?

Inategemea ni wapi, na mimi nisingeanza na Mombasa wala Tanga. Mmea huu haukuzoea joto lenye unyevu. Unataka baridi ya wastani wakati wa kukua na ukavu kamili wakati wa kulala. Maeneo ya juu kama Limuru, Lushoto au Mbeya yana joto linalofaa, ila mvua zake ndizo tatizo: tunguu lililolala likinyeshewa huoza. Kwa hiyo ni mmea wa chungu, chini ya paa, wewe ndiye mwenye kuamua mvua.

Mchanganyiko uwe wa kokoto na mchanga mwingi, udongo kidogo, na chungu kiwe na matundu ya kutosha. Anza kumwagilia jua linapopungua na hewa kupoa, kwa maji kidogo. Majani yakishatoka ongeza. Yakianza kugeuka manjano punguza, yakikauka acha kabisa kwa miezi minne au mitano, na pinga hamu ya kumwagia kidogo "isife". Hapo ndipo watu wengi huyaozesha. Ukibahatika kupata mbegu, zilaze juu ya mchanga wenye unyevu siku ile ile, usizikaushe wala kuzitia kwenye bahasha ukaziweka kabatini. Kutoka mbegu hadi ua ni miaka kadhaa.

Wauza maua mtandaoni wana "dafodili ya Peru". Ndiyo hii?

Karibu kila mara siyo. Yale meupe makubwa ni chotara wa ndugu zake wengine, hasa aina iitwayo 'Festalis'. Ile ya manjano hafifu iitwayo 'Sulphur Queen' ina damu ya amancaes: ni chotara wake na Ismene narcissiflora. Kwa mkulima wa bustani ndiyo chaguo la busara, kwani ni mvumilivu, hukua msimu wa joto, na matunguu yake huzalishwa mashambani.

Naweza kuagiza matunguu kutoka nje?

Si kwa kuyatia kwenye begi. Kenya utahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla mzigo haujatoka huko, na Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Nchi inayotuma nayo itoe cheti cha afya ya mimea. Bila hivyo mzigo huteketezwa bandarini au uwanja wa ndege, na pesa hazirudi.

Na ukimpata mtu anayeuza Ismene amancaes halisi, muulize alivyoipata: aliizalisha mwenyewe kwa mbegu, au ilichimbwa? Mzalishaji wa kweli atakueleza hadi uchoke. Akizungukazunguka, achana naye.